Usiwachoree Chapa

Bauma, mutoto wangu,

Mambo ya soksi, ya dawa ya malaria, ya kutosinzia na mudomo wazi mu gari ya watu, dada yako Furaha amekuimbia tangu asubuhi. Mimi sirudie. Kama hukusikia, shauri yako. Mimi ninakuandikia juu ya kazi ya kuchora, kwa sababu njo kitu kimoja ambacho ninakijua kuliko wewe, hata ukikunja sura.

Sasa hivi uko kwa jirani wetu, unachaji tableti ku pano yake ya jua, na mvua inapiga mabati mpaka siwezi kusikia kuku. Barua hii nitaifunga mu karatasi ya fromaji, jibini yetu, na nitamupa Papa Kambale. Atakupa mukishapita Mubambiro. Njo vile yeye mwenyewe alisema: "Mama Bauma, kwanza tupite kambi ya askari, halafu mutoto asome." Ni muntu wa akili, huyo mufanyabiashara wa Butembo. Tangu anaanza kununua maharagwe hapa Kibabi hajanidanganya ku mizani. Kama askari mumoja ataomba fromaji na kuikata, basi atasoma yeye. Asome! Nimeandika kwa mwandiko muzuri.

Unajua kwa nini unaondoka, lakini acha niiseme wazi, kusudi siku moja kule Butembo usianze kujisumbua kwamba ulikimbia kama mwoga. Ulikuwa ku shamba wakati yule kijana wa kofia, wa kikundi cha bunduki cha huku, alikuja. Nilikueleza nusu tu. Leo chukua yote.

Alifika na adabu, bunduki ameigeuzia mugongoni. "Jambo, Mama."

"Jambo."

"Mukubwa amenituma. Ameona ile picha ya arusi yenye inazunguka mu matelefone. Anasema mutoto yako iko na mukono."

"Iko na mikono mbili," nikamujibu.

Akacheka. Bado mutoto, meno yote iko. "Anataka amuchoree chapa yetu, ya kuweka ku bendera na ku mabega ya vijana. Na sura yake yeye, Mukubwa, amevaa koti muzuri, ya kutuma mu matelefone."

"Na hiyo koti anayo?"

"Hana, Mama. Njo maana ya kuchora."

Halafu akasema siku ya soko watakuja kukubeba, na kwamba haiko ombi. Akaomba maji, nikamupa, akakunywa, akasema aksanti, akaenda. Nilibaki nimeshika kikombe. Ndiyo, niliogopa. Niliogopa sana, Bauma. Lakini kuogopa na kukubali ni vitu mbili, na yule ambaye anavichanganya njo wanamutawala.

Kwa hiyo kesho unaenda, kabla ya siku ya soko, na mimi ninabaki. Usinirudishie ile maneno ya jana, "Mama, ni picha tu, nitawachorea moja waniache." Ni picha tu! Nilisikia maneno hayo kwa baba yangu, neno kwa neno, na alikuwa muntu muzuri kunishinda.

Babu yako alikuwa anaandika mbao kule Kibua, ku Walikale. Mbao ya dispensere ya wagonjwa, ya duka ya nyama, ya shule, zote ni za mukono yake. Kikundi kimoja kiliweka kizuizi ku barabara, wakamuambia awaandikie: BARRIÈRE. KILA MUNTU ASIMAME. Akaandika. Alisema ni mbao tu, rangi nyeusi juu ya nyeupe, kuna ubaya gani? Baba alikuwa na namna yake ya kuandika R. Muguu wake wa mbele aliuvuta mbali na kuupinda kidogo ku mwisho, kwa madaha. Watu walimusifu juu ya hiyo R. Miezi ikapita, wale wa kwanza wakafukuzwa, wengine wakaingia na hasira. Wakasimama mbele ya ule ubao wa kizuizi. Halafu wakaona ile R ku dispensere. Wakaiona ku duka ya nyama. Walifuata zile R mpaka mulango wetu.

Baba alitokea dirisha ya nyuma, na sisi na mama tukamukuta mu pori asubuhi yake. Njo hivyo tulifika Masisi, na njo maana wewe ulizaliwa mu hii milima na haukuzaliwa Kibua. Tangu pale baba hakushika brashi tena, hata kuandika jina ya mutoto ku daftari alikuwa anakataa. Wakati nilianza kuandika mbao, alinitukana. Nikaendelea. Kichwa nguvu haikuanza na wewe.

Usifikiri mashine inaficha mukono. Wewe unasema tableti haina brashi, haina harufu ya rangi, nani atajua? Mimi nitajua. Unaacha nyusi wazi ku upande ya ndani, kila mara, na midomo ya watu wako inakaa kama wanataka kusema kitu. Ile picha ya arusi hukuandika jina chini yake, na bado kijana wa kofia alikuja mulango gani? Chapa yao itakuwa na mukono yako ndani. Na itavaliwa na yule ambaye anaingia mu nyumba ya muntu saa mubaya. Yule mama mu nyumba ataangalia bega ya muntu huyo, ataona kazi yako. Mimi sikukuzaa kwa hiyo.

Basi. Nimeitoa mu roho. Sasa tuende ku kazi yenyewe, maana kule kwa shemeji ya Papa Kambale, mu imprimerie yake ya kuchapa karatasi, utakaa mbele ya ordinateri, kompyuta kubwa, na watu ambao wamesoma kuchora Kampala na Kinshasa, na sitaki uwe na haya.

Unakumbuka namna nilijifunza? Ulikuwa mudogo, unalia juu ya bugali ya mahindi ya msaada. Tulikuwa mu kambi ya wakimbizi karibu na Sake, na wale wa msaada walitafuta muntu ambaye anajua kuchora, afanye picha za kunawa mikono. Nikasema mimi. Wakanipa tableti. Mimi nilifikiri ni sahani.

Kila magaribi, nikitaka kufunga, ile mashine ilikuwa inaniuliza: Enregistrer? Na mimi ninafinya Non. Kila asubuhi nikifungua, picha imepotea. Siku nyingi, Bauma! Nilifikiri ni Mama Neema wa hema ya pili ananifutia kwa wivu, nikamukosea adabu mbele ya watu ku bomba ya maji. Maskini, yeye hata kuwasha ile kitu alikuwa hajui. Halafu mufundishaji wetu, kijana mumoja wa Kinshasa ambaye tulimuita Trésor, akakaa karibu yangu akaona kidole yangu.

"Mama, juu ya nini unakataa?"

"Sipendi kuandikishwa," nikamuambia.

Kwa sababu sisi enregistrer tuliijua. Mahali tulikimbilia kwanza, walituandikisha kwa ajili ya unga na mafuta, majina yote, umri yote. Ile karatasi sijui ilipita wapi, lakini ilifika mu mikono mingine, na wale wakaanza kuita vijana kwa majina. Kwa hiyo mashine ikiniuliza enregistrer, mimi ninajibu kama muntu mwenye akili: Non. Trésor hakucheka. Alisema polepole, "Mama, hapa ni picha njo inaandikishwa. Haiko wewe." Mimi njo nilicheka, mpaka machozi ikatoka, na nikaenda kuomba Mama Neema samahani na sombe ya majani ya muhogo mu sahani.

Nilikuwa na haki ya kukataa, nilikataa tu ku fasi mubaya. Kwa hiyo wewe, kila mara unapumua, andikisha picha. Usingoje iishe. Alama ya betri ikiwa nyekundu, usiseme "bado kidogo nimalize jicho." Na usiandikishe juu ya ile ya zamani, ipe jina ingine, moja, mbili, tatu, kusudi ukiharibu uso ku ya tatu, ya pili ingali inakungojea. Weka nakala ku karte memoire, ile kadi ndogo ya kuhifadhi, na karte memoire isikae mu mufuko moja na tableti. Ku barabara yetu wakichukua kimoja, wanachukua mufuko yote.

Halafu kuna kushi. Trésor alituambia siku ya kwanza, "Muongeze kushi," na sisi wamama tukaangaliana, maana kushi sisi tunajua ni zile wanafungia watoto wachanga wa mujini matakoni. Sasa unajua ni nini: karatasi za kioo, moja juu ya ingine. Mimi nilidharau. Nilitoka ku mbao, na ku mbao rangi ikikauka imekauka, kwa hiyo nilichora kila kitu ku kushi moja: mama, beseni, sabuni, maji, mulima nyuma. Picha ilikuwa muzuri sana! Musimamizi wa kazi akaangalia akasema, "Muzuri, Mama, ila geuza kitenge iwe kijani, ile nyekundu inafanana na ya chama fulani." Nilikuwa nimeshonea kitenge ndani ya mukono, ndani ya beseni, ndani ya maji. Nilianza upya yote, ninatukana kwa Kihunde kusudi wasinielewe.

Kwa hiyo musitari ku kushi yake, rangi chini ya musitari, kivuli peke yake, na nyuma peke yake. Kila kushi uiandike jina. Wewe unaziacha "kushi 1, kushi 2, kushi 48," halafu unakaa unatafuta pua ya muntu kama mama anatafuta sindano mu majani. Kivuli uiweke mu ile mode ya Produit, inapita juu ya rangi bila kuiua. Na usitumie nyeusi kwa kivuli, nimekuambia mpaka nimechoka. Angalia hapa inje mvua ikiisha, angalia chini ya migomba: hakuna nyeusi. Kuna bluu, kuna kijani ya giza, kuna nyekundu kidogo ya udongo.

Ile mashine ilikuja na rangi zimepangwa tayari mu tusanduku, na moja iliandikwa Peau. Ngozi. Niliifinya, ikatoka rangi ya nguruwe mudogo. Nikauliza ile tableti, kwa sauti, watu wanasikia: "Ngozi ya nani?" Nikatafuta mwenyewe. Nilikaa na mukono yangu mu jua karibu na skrini mpaka nikaipata: kahawia, halafu zambarau mu mukunjo, halafu ku mufupa wa juu fasi jua inapiga, dhahabu kidogo, ao bluu ya mbingu kama ni mawingu. Ule sanduku wa Peau niliufuta na nikaweka yangu. Wewe ulirithi hizo rangi, ziko mu tableti yako na jina "Sisi". Usikubali muntu akuambie ni nyeusi mno haitatoka vizuri ku karatasi. Itatoka. Ongeza mwangaza kidogo mbele ya kuchapa, maana skrini inawaka na karatasi haiwaki. Omba wachape kipande kidogo kwanza. Lakini usiipaushe ngozi ya watu wako kwa sababu ya muntu muvivu ku mashine.

Kipimo. Hii ilinitoa jasho mbele ya Padri. Nilichora picha ya Mama Maria kwa sikukuu ya parokia, ndogo, saizi ya telefone, sikujua. Wakaipeleka Goma wakaichapa kubwa ya kufunika ukuta. Wakaifungua mbele ya kanisa yote, na Mama Maria alikuwa na uso wa matofali, jicho ni vipande vinne vya mraba. Mutoto mumoja akauliza kama Maria alipigwa. Kwa hiyo mbele ya kuchora musitari wa kwanza, uliza: hii kitu itaenda wapi? Ku karatasi ya sabuni ao ku ukuta? Anza kubwa, mia tatu ya dpi, ile hesabu ya vitone, utaipunguza baadaye. Kidogo hakikuzwi.

Na ile Annuler, kile kifungo cha kurudisha nyuma, kinakuharibu mukono. Usiogope, sitafanya mahubiri kwamba maisha haina Annuler. Kila muntu hapa anajua, hatuhitaji tableti kutuambia. Ninasema juu ya musitari tu. Nimekuangalia: unachora shavu, unafuta, unachora, unafuta, na ya mwisho inafanana na ya kwanza ila imekosa uzima. Vuta musitari kutoka begani, kwa pumzi moja, uuache ukae. Ukikosea, chora mwingine pembeni, halafu uchague. Ile stabilizateri inatuliza mukono, ndiyo, tumia kidogo kwa herufi na mistari mirefu. Ukiiweka yote, watu wako wote watakuwa laini kama sanamu za dukani. Mukono wangu unatetemeka tangu ile safari ya kutoka Kibua, na ninakuambia ukweli, mistari yangu muzuri kabisa ni ile ya kutetemeka.

Geuza picha, kushoto iende kuume. Utaona jicho imeshuka, utashangaa namna gani hukuiona. Rudisha zoom, acha kukaa mu tundu ya pua ya muntu saa nzima. Brashi tatu zinatosha, hizo zingine mia ni za kuchezea wakati hutaki kufanya kazi. Kata soksi ya zamani, vidole viwili vya mwisho viingie ndani, viteleze juu ya kioo bila kukichafua. Na picha ambayo huwezi kuandika jina yako chini yake, usiianze.

Kule utaona watu wanasema wewe wa Masisi, kwenu kuna vita tu, mutachora nini, bunduki? Wachoree ng'ombe wetu ku mulima. Wachoree dada yako anacheka mu maharagwe. Chora hata ile tope ya barabara, ni rangi muzuri sana. Wamechukua mashamba, wamechukua mbuzi, wanachukua vijana. Wanataka na macho yetu pia, tuone kila kitu kwa sura ya Mukubwa amevaa koti ambayo hana. Aka! Hapana. Hiyo hawaipati.

Sasa neno ya mwisho, na hii usome pole.

Siku ya soko watakuja na hawatakupata. Nitawaambia mutoto ameenda, na kwamba mimi njo nilimutuma. Sitasema uko mugonjwa, sitasema sijui. Watauliza nani mwingine anajua kuchora mu tableti, nami nitawaambia mimi ninajua, mimi njo nilimufundisha, na sitaki. Furaha nitamutuma kwa shangazi yake kesho asubuhi, wewe ukishaondoka, hajui bado kwa nini, usimuambie kwa telefone. Nitakuwa peke yangu mu nyumba. Papa Kambale alinibembeleza nipande gari pamoja nanyi, lakini sisi wote tukitoweka siku moja, watatufuata ku barabara mbele ya kufika Sake. Muntu mumoja akibaki anapika moto mu jiko, moshi unaonekana, watangoja siku ya soko. Nimepima vizuri. Usinikasirikie.

Labda hawatafanya kitu. Labda yule kijana atakunywa maji tena aende. Lakini labda watanikalisha na telefone mu mukono, waniambie nikuite. Na mimi ni muntu, Bauma, nina mwili. Inawezekana nitakuita. Utasikia sauti yangu kabisa, na jina lako la kunyonyeshwa ambalo sisi wawili tu tunalijua, na nitasema: "Rudi, mutoto wangu, nakuomba, hawatakufanya kitu." Nitalia, hata.

Usirudi. Jibu: "Mama, niko nachora," na ukate. Nikipiga tena, kata tena. Nikikulaani, acha nilaani, haitakushika. Mama yako wa kweli ni huyu anayeandika hapa, leo mchana, na hakuna muntu amemushika mukono.